Kupanga Ukuaji wa Chuo Kikuu cha Afya Mikoani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa watumishi wa Pande, Wilaya ya Kilwa. Yachapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliokosa kuhudhuria.)



Mimi si mganga, wala si mwalimu wa chuo. Ni karani, na kazi ya karani ni kuandika sawasawa na kujumlisha hesabu mpaka zikubaliane. Basi nitasema kama karani. Jambo lenyewe limezungumzwa barazani kwetu siku nyingi, nalo ni hili: je, sisi watu wa pwani ya Kilwa na Lindi tutapata lini chuo kikuu cha kufundishia waganga na wauguzi, na kikija, yafaa kikue kwa namna gani?

Asili ya mazungumzo hayo mwaijua. Mwaka 2021 ulianza mpango mkubwa wa Serikali wa kueneza elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Katika mpango huo vyuo vikuu kadhaa viliagizwa kutoka katika miji yao ya zamani na kusimamisha matawi katika mikoa mingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipewa Lindi, na tawi lake ni la mambo ya kilimo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipewa Kigoma. Habari hizo zilipofika kwetu wengine walifurahi, na wengine walinung'unika wakasema, "Kilimo tumepata, mbona uganga umekwenda Kigoma?"

Ndugu zangu, manung'uniko hayajengi chuo. Yatupasa kwanza kujua chuo cha namna hiyo hukuaje, ili zamu yetu ikifika tuwe na la kusema, tusiwe watu wa kupiga makofi tu penye jiwe la msingi. Neno langu ni moja. Kipimo cha ukuaji wa chuo cha afya ni vitanda vya wagonjwa na walimu wa kusimama kando ya vitanda hivyo. Majengo hufuata nyuma. Na vitu hivyo viwili hutayarishwa miaka mingi kabla, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo imo mikononi mwa watu kama sisi.

CHUO CHA AFYA SI KAMA VYUO VINGINE

Mtu akitaka kufundisha sheria au hesabu za fedha, yamtosha chumba, ubao, vitabu, na mwalimu mwenye sauti. Wanafunzi wakiwa 50 au 300, tofauti ni ukubwa wa chumba. Uganga hauwi hivyo. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi husoma habari za mwili darasani na maabara. Kuanzia mwaka wa tatu hutolewa darasani akaingizwa wodini. Huko hujifunza kumsikiliza mgonjwa, kushika tumbo lake, kusikia mapafu yake, na kukaa usiku kucha kwa mama anayejifungua. Mambo hayo hayasomwi kitabuni peke yake. Hujifunzwa mbele ya mgonjwa, chini ya macho ya mwalimu aliye mganga mwenyewe.

Basi tufanye hesabu ndogo. Tuseme chuo chapokea wanafunzi 50 kila mwaka. Mafunzo ya uganga katika nchi yetu ni miaka 5. Ufikapo mwaka wa tano chuo kitakuwa na wanafunzi 250, na kati yao 150 watakuwa wodini kila siku. Sasa tuseme wakubwa wamependezwa na chuo, wakaagiza kipokee 100 kila mwaka. Wodini watakuwa 300. Je, hospitali imeongeza vitanda? Walimu wameongezeka? Kama sivyo, kitanda kile kile kilichozungukwa na vijana watano sasa kitazungukwa na kumi, na wale wa nyuma wataona mgongo wa mwenzao tu. Yule wa nyuma naye atapewa shahada, naye ndiye huenda akaletwa kwetu.

Tena tusimsahau mgonjwa. Mama aliye katika uchungu si ubao wa kuandikia. Ana haki ya kuulizwa kama aridhia wanafunzi wawepo, na ana haki ya kusitiriwa. Wanafunzi wakiwa wachache, hufundishwa adabu hiyo pamoja na kazi. Wakizidi, adabu ndiyo hutoka kwanza.

Hapo ndipo hatari ya mpango huonekana. Mwaka wa kwanza wa chuo kipya huwa wa furaha: majengo meupe, vijana wamevaa makoti mapya, wageni waja kutazama. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu ndipo deni hudaiwa, maana siku hiyo wanafunzi wagonga mlango wa hospitali. Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kwamba chuo kipya kianze na darasa dogo, na hesabu ya wanafunzi isiongezwe mpaka darasa la kwanza limekwisha kupita wodini, na walimu na wauguzi wa hospitali wametoa ushahidi wao kama mzigo wabebeka.

MAFUNDISHO YA MUHIMBILI

Tazameni historia ya chuo chetu kikubwa cha uganga. Zamani kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa mganga wa shahada alikwenda ng'ambo, au Makerere, Uganda, ambako mafundisho ya uganga yalianza mwaka 1924. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, Wizara ya Afya ilifungua Shule ya Utabibu ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa vikawa kitu kimoja, Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa kuwa chuo kishiriki. Mwaka 2000, kwa sheria ya Bunge, hospitali na chuo vikatengwa tena, kila kimoja na uongozi wake. Mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Toka shule mpaka chuo kikuu ni miaka 44.

Mji ulipoizingira Muhimbili pande zote, chuo kikakosa nafasi ya kukua. Serikali ikakipa eneo la Mloganzila, ekari zipatazo 3,800, nje ya mji kwa upande wa barabara ya Morogoro. Huko ikajengwa hospitali kubwa ya kufundishia, kwa mkopo kutoka Korea ya Kusini, ikafunguliwa rasmi Novemba 2017. Mwaka uliofuata, 2018, uendeshaji wa hospitali hiyo ukaondolewa chuoni ukatiwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Mimi simhukumu mtu katika habari hii. Haki hiyo sina. Natazama tarehe tu, kama karani atazamavyo jalada. Mwaka 1976 chuo na hospitali vilioana. Mwaka 2000 viliachana. Mwaka 2017 chuo kilipata hospitali yake, na mwaka 2018 hospitali ikaenda kwa mwingine. Maana yake ni kwamba swali moja limerudi mezani mara kwa mara: hospitali ya kufundishia ni ya nani? Nani awalipe wauguzi? Nani amwamuru mganga ambaye asubuhi ni mwalimu na mchana ni tabibu? Nani anunue dawa, na nani aseme wanafunzi wangapi waingie wodini? Wote wana nia njema, lakini mwenye hospitali huwaza wagonjwa wake, na mwenye chuo huwaza mitihani yake.

Shauri langu la pili, basi, ni kwamba mapatano kati ya chuo na hospitali yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya msingi kuchimbwa. Sisi makarani twajua: neno lisiloandikwa huwa na maana mbili, na kila mtu hushika ile impendezayo.

HOSPITALI HUTANGULIA

Jambo la tatu twaliona tukitazama mikoa mingine. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo kikuu cha uganga kikaanza hapo mwaka 1997. Huko Mwanza, hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1971. Chuo kikuu kikaanza mwaka 2003. Ifakara, mji mdogo katika bonde la Kilombero, ulikuwa na hospitali ya misioni na maabara ya utafiti kwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kupata chuo kikuu kishiriki cha afya mwaka 2010. Hospitali hizo hazikukaa bure miaka yote hiyo. Zilifundisha wauguzi na watumishi wa daraja nyingine, zikajipatia waganga wenye ujuzi, na mazoea ya kufundisha yakaingia ndani ya kuta zake. Chuo kilipokuja kilikuta moto umekwisha kuwashwa.

Sisi wa kusini je? Msidhani kwamba jiko letu ni baridi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, ilianza kutoa huduma mwaka 2021, ikafunguliwa rasmi Septemba 2023. Lindi iko Hospitali ya Mkoa ya Sokoine. Kilwa Kivinje iko Kinyonga. Ndanda na Nyangao ziko hospitali za misioni zenye umri mkubwa na sifa njema. Tena Ndanda, Nachingwea, Masasi na Mtwara kuna vyuo vya afya vya daraja la kati, vinavyofundisha wauguzi na matabibu ambao ndio wanaotutibu hapa kwetu kila siku.

Hapa napenda kuonya. Watu wakisikia "chuo kikuu" huanza kudharau vyuo hivi vidogo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Chuo kikuu kikija kusini kisije kuvinyang'anya vyuo hivi walimu wake na wodi zake. Kije kuwa ngazi ya juu ya ngazi zilizopo, hata mwuguzi wa Ndanda au tabibu wa Masasi aliyetumikia kijijini miaka sita aweze kupanda daraja pasipo kuhamia Dar es Salaam na kuwaacha watoto wake.

KWA NINI MIKOANI?

Huenda mmoja wenu akauliza: kama vitu vyote hivyo vyataka gharama, kwa nini tusiongeze nafasi Dar es Salaam na kuwapeleka vijana wetu huko? Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni watu wenyewe. Sote hapa tumeona mtumishi wa afya akiletwa kijijini, akapokewa kwa mkeka mpya na kuku, na baada ya miezi michache akaomba uhamisho. Simlaumu. Amezaliwa mjini, amesomea mjini, na mkewe ana kazi mjini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kwa serikali zote juu ya jambo hili, likayarudia kwa upya mwaka 2021. Miongoni mwa mashauri hayo ni kuchagua wanafunzi waliokulia vijijini, kuweka vyuo vya afya nje ya miji mikuu, na kuwapeleka wanafunzi kujifunza kazi huko huko vijijini. Jirani zetu wa Uganda walifungua chuo kikuu huko Mbarara mwaka 1989, mbali na Kampala, kikaanza na uganga, na wanafunzi wake hupelekwa kukaa na kujifunza miongoni mwa wananchi wa vijijini. Kwa hiyo jambo tunalolitamani limekwisha kufanyika Afrika Mashariki.

Sababu ya pili ni magonjwa yetu. Mwaka 1952 homa ngeni iliingia katika uwanda wa Makonde, huko Newala, ikawakunja watu kwa maumivu ya viungo. Leo ugonjwa huo wajulikana dunia nzima kwa jina la chikungunya, neno lililotoka katika Kimakonde. Lakini kirusi chenyewe kilipatikana Entebbe, Uganda, ambako damu ya wagonjwa ilipelekwa. Ugonjwa ulitoka kwetu, jina likatoka kwetu, maabara ikawa ya wengine. Zaidi ya miaka 70 imepita. Tena mwezi wa Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa, mkoa wetu huu wa Lindi, watu walipatwa na homa, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani. Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni leptospirosi, ugonjwa utokao kwa wanyama kwa njia ya mkojo wao, nao ukaitwa Homa ya Mgunda. Mahali penye chuo cha afya pana watu ambao kazi yao ni kuuliza, "Homa hii ni ya namna gani?" siku ya kwanza inapoonekana. Na matende na mabusha, ambayo pwani yetu yayajua mno, yangepata wanafunzi wa kuyachunguza mahali yanapokaa.

Sababu ya tatu ni njia. Mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Twashukuru kwa daraja. Lakini mwezi wa Mei 2024 mvua nyingi na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi humu humu wilayani mwetu, upande wa Somanga, na magari yakalala njiani. Mgonjwa aliyeandikiwa kupelekwa Dar es Salaam siku zile hakuwa na njia. Mkoa usio na waganga wake mwenyewe huwa mateka wa barabara moja.

MWALIMU YUKO DARASANI LEO

Sasa nawaomba mnisikilize sana, maana hapa ndipo sisi tunapoingia.

Nimesema chuo hukua kwa vitanda na walimu. Vitanda hununuliwa kwa fedha. Mwalimu hanunuliwi dukani. Tufanye hesabu yake. Mtoto aingie Kidato cha Kwanza mwaka huu. Miaka 4 afike Kidato cha Nne. Miaka 2 amalize Kidato cha Sita. Miaka 5 asome uganga. Mwaka 1 afanye kazi chini ya uangalizi. Na tuseme miaka 3 asomee ubingwa wa watoto, au wa uzazi, au wa upasuaji. Jumla ni miaka 15, na hiyo ni kwa uchache, kama hakushindwa mtihani wala hakukosa ada. Baada ya miaka hiyo ndipo awezapo kusimama kando ya kitanda akafundisha wengine.

Maana yake, ndugu zangu, ni hii: mwalimu wa chuo cha afya cha kusini cha miaka 15 ijayo hatafutwi ng'ambo wala Dar es Salaam. Amekaa leo katika dawati la shule yetu, hapa Pande, au Kivinje, au Kipatimu. Huenda ni msichana ambaye msimu wa korosho au ufuta ukianza atakosa shule wiki tatu. Huenda amekwisha kuambiwa na mtu mzima kwamba fizikia si ya wanawake. Akiacha masomo ya sayansi mwaka huu, tumekwisha kupunguza mwalimu mmoja katika hesabu ya chuo ambacho hakijajengwa bado, na hakuna mkopo wa benki utakaomrudisha.

Nalisoma sekondari katika shule ya misioni. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, na chupa zilihesabiwa kila jioni. Lakini kila mwanafunzi alishika chupa kwa mkono wake mwenyewe, na mwalimu hakukubali tuandike kitu ambacho hatukukiona. Hayo si mambo ya mamilioni. Ni mambo ya meza, maji, funguo na mwalimu asiyekosa kipindi. Wilaya yoyote yaweza kuwa nayo, kama wenye kalamu wataandika barua zao kwa wakati na kuzifuatia.

NAFASI YA PANDE

Sitaki kuwadanganya. Chuo kikuu cha afya kikija kusini hakitajengwa Pande. Kitajengwa penye hospitali kubwa, na hivyo ndivyo ipasavyo. Mtu akija kuwaahidi chuo hapa, mwulizeni vitanda viko wapi.

Lakini Pande yaweza kuwa wodi ya mbali ya chuo hicho. Wanafunzi wa afya wahitaji mahali pa kujifunza namna mtu wa kijijini anavyougua: ateka maji wapi, alala na watoto wangapi katika chandarua kimoja, kwa nini alingoja siku nne kabla ya kuja zahanati. Kwa kazi hiyo vyatakiwa vyumba viwili vya kulala vyenye taa na maji safi, chumba kidogo cha kukutania, na mtumishi mmoja wa afya aliyefundishwa namna ya kuwaongoza wanafunzi, tena anayelipwa kwa kazi hiyo. Hayo yawezekana kabla ya chuo kuja, maana vyuo vilivyopo Ndanda, Nachingwea, Masasi na Mtwara vyaweza kuombwa leo. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la ardhi nalo nalitaja kwa ufupi. Muhimbili ilihitaji kutoka nje ya mji kwa sababu mahali pake pa kwanza palibanwa. Ardhi ikitengwa mapema kwa chuo na hospitali, ikapimwa na kuwekewa mipaka, hakuna atakayevunjiwa nyumba baadaye. Lakini kuitenga maana yake si kuitwaa bure. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zasema fidia iwe kamili, ya haki, tena ya upesi. Mzee mwenye minazi 20 aliyolipwa kwa haki atakuwa rafiki wa chuo. Aliyedhulumiwa atakilaani yeye na wajukuu wake, na sisi tuliojaza fomu zake tutakuwa na sehemu yetu katika dhuluma hiyo.

JIBU KWA MZEE

Kabla sijamaliza, niseme neno juu ya shauri alilolitoa mzee mmoja barazani, nilipomwambia nitasoma hotuba hii. Alisema, "Mwanangu, wewe wazungumza chuo kikuu, na hapa mimi nikiugua naambiwa dawa zimekwisha. Si afadhali dawa kwanza?" Sikumbishia, maana asema kweli. Mgonjwa wa leo hawezi kungoja miaka 15.

Walakini mambo hayo mawili hayapigani. Dawa zakwisha kwa sababu hesabu zake hazikuandikwa vema, au maombi yalichelewa, au aliyepaswa kuziangalia ni mmoja na kazi zake ni tano. Watu wa kushika kazi hizo, mfamasia, mtu wa maabara, mtunza kumbukumbu za wagonjwa, nao ni wanafunzi wa chuo cha afya. Chuo cha afya si cha waganga tu. Kikipangwa vema, kianze na hao wanaokosekana zaidi katika mkoa, ndipo kiendelee na wengine. Na ili kujua wanaokosekana ni akina nani, lazima mtu akae na orodha ya vituo vyote vya mkoa, ahesabu nafasi zilizo wazi, aziandike. Hiyo ni kazi ya karani. Tusingoje mgeni aje kutufanyia.

MAOMBI KWA MKUTANO

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uyafikirie mambo manne, na ukiyaona yafaa, yaandikwe katika kumbukumbu zetu:

1. Kwamba wanachama walio katika idara za afya na elimu waandike orodha mbili za Wilaya ya Kilwa: moja ya nafasi za watumishi wa afya zisizo na watu, nyingine ya shule za sekondari zisizo na maabara au mwalimu wa sayansi. Orodha hizo zipelekwe kwa wakubwa zikiwa na tarehe na hesabu kamili.

2. Kwamba chama kiombe vyuo vya afya vya kusini kuleta wanafunzi wao hapa kwa majuma machache kila mwaka, nasi tutafute vyumba viwili vya kuwalaza.

3. Kwamba kila mwanachama amshike mkono mtoto mmoja anayesoma sayansi, hasa msichana, amfuatie mpaka Kidato cha Sita. Si lazima awe wa ukoo wake.

4. Kwamba siku ambayo chuo kikuu cha afya kitatajwa kwa ajili ya mikoa ya kusini, chama kiwe tayari na maswali matatu ya kuuliza kwa adabu: vitanda vingapi, walimu wangapi, na mapatano ya hospitali yameandikwa wapi?

Asiyekuwapo na lake halipo. Kigoma wamekwisha kuanza, nasi twawaombea heri, maana mganga atakayefundishwa huko ni wa nchi nzima. Zamu ya kusini itafika. Ikifika ikatukuta hatuna orodha, hatuna ardhi iliyopimwa kwa haki, wala hatuna watoto waliomaliza sayansi, tutajengewa nyumba nzuri, na watu wa kuijaza watatoka kwingine, na wakimaliza watarudi kwao. Ikitukuta tumejitayarisha, mgonjwa wa Pande atahudumiwa na mtu anayejua jina la kijiji chake.

Wanachama wenye mawazo juu ya jambo hili, wawe wanakubaliana nami au la, waandike kwa Mhariri, ili tuendelee kulijadili katika kurasa hizi.